Kitufe cha Futa

Wapo watu wanaopenda magari, wapo wanaopenda mpira, na Jovitha alipenda jedwali. Ukimcheka shauri yako. Hakuwa anapenda majedwali yote, alilipenda lile aliloliunda kwa mikono yake kwenye kompyuta, na nakwambia aliliongelea kama mama anayeongelea mtoto aliyeanza kutembea.

Lisikie usije ukadhani ni jedwali la kuchora kwa rula. Lilikuwa jedwali hai. Unagusa kichwa cha safu, mistari yote inajipanga upya, kwa tarehe au kwa jina, unavyotaka wewe. Unaandika jina la mteja kwenye kisanduku cha kutafutia, mizigo ya watu wengine inajificha, inabaki ya huyo tu. Unagonga neno mara mbili, unalirekebisha palepale. Mzigo uliokwisha kufika stoo unawaka kijani, ulio bandarini bado unawaka njano. Na mizigo iwe mingi kiasi gani, unapitisha kidole kwenye simu ya bei chee na inateleza tu, haikwami. Hapo kwenye kuteleza ndipo Jovitha alipotoka jasho. Alihangaika mpaka akalifundisha lichore ile mistari inayoonekana kwenye kioo tu, mingine ingoje zamu yake.

Wenzake walimshangaa. Majedwali ya namna hiyo yamejaa mtandaoni, unachukua la watu, unalibandika, kazi kwisha. Jovitha akakataa. Alitaka lenye Kiswahili kuanzia juu mpaka chini, tena siyo kile Kiswahili cha mashine kinachomfanya mtu ajione mjinga mbele ya kompyuta yake mwenyewe. Basi maneno yakamsumbua kuliko hesabu. Kitufe cha kupanga mistari alikiandika Panga, na siku ya kwanza Bi Mwanamkuu alipokiona akauliza hilo panga ni la kumkata nani. Cha kuchuja akasema kinamtia hamu ya wali wa nazi. Jovitha alicheka mpaka akashika mbavu, na vitufe akaviacha vilevile, kwa sababu alipenda neno moja, fupi, linaloenea. Panga. Chuja. Futa.

Huyo Bi Mwanamkuu ndiye aliyekuwa karani wa mizigo pale ofisini kwa Eliakimu, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Eliakimu mwenyewe ni mtu wa Machame, na kwa kuwa ni mtu wa Machame mwenye duka, mtaa mzima unamwita Mangi. Kazi yake ni hii: wafanyabiashara wanachangia kontena moja kutoka China, yeye analitoa bandarini, analileta stoo, na kila mtu anakuja kuchukua chake. Bi Mwanamkuu alikuwa naye tangu enzi za kafremu ka kuuza vitasa, kabla hata Mangi hajaota kitambi.

Tena ndiye mwenye nyumba wa Jovitha kule Magomeni. Ndiye aliyemtafutia ile kazi. Alimwendea Mangi akamwambia, "Nina binti nyumbani kwangu, kazi yake kompyuta, hana makuu. Usitafute mgeni. Mpe huyu, mimi nimemdhamini." Mangi hakuuliza swali la pili. Kwa Bi Mwanamkuu alikuwa hana maswali.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi, Idi inabisha hodi na Kariakoo haina pa kukanyaga, Jovitha akapigiwa simu. Alikuwa Mangi. Hakusalimia.

"Njoo ofisini. Sasa hivi."

Jovitha akaenda mbio. Mlangoni akakuta wabeba mizigo wamesimama bila kubeba kitu, na Kariakoo ukiona hivyo jua kuna jambo. Ndani, kwenye benchi, alikaa Zahoro, muuza mapazia wa Buguruni, mwembamba kama mpini wa mwavuli, uso umemvimba kwa hasira. Kwenye kiti chake cha kila siku alikaa Bi Mwanamkuu, mikono kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, ila hakuinua uso.

Mangi akamwonyesha Jovitha kompyuta. "Dada, kaa hapo. Mzigo wa Zahoro umefutwa. Marobota yake ya mapazia hayamo kwenye jedwali, utadhani hayakuwahi kufika nchini. Wewe si ulisema hili dude lako linakumbuka kila kitu?"

"Linakumbuka."

"Haya, liseme nani kafuta."

"Na liseme upesi," akadakia Zahoro. "Watu wananunua mapazia kabla ya Idi. Baada ya Idi nitamtundikia nani?"

Jovitha akafungua ukurasa wa kumbukumbu. Ukurasa huo ulikuwa fahari yake, kwa sababu kila kitu kinachofanyika kwenye jedwali unakiandika pamoja na jina la aliyekifanya, na hakuna mtu anayeweza kuugusa, hata yeye. Jina likatokea. Mwanamkuu. Akashuka mstari wa pili. Mwanamkuu. Wa tatu, vilevile. Alitamani kuifunga ile kompyuta aseme imeisha chaji, lakini Mangi alikuwa ameshainama begani kwake na anasoma.

Mangi akanyanyuka polepole. "Mama," akasema, "ni wewe uliyefuta?"

"Nimefuta," akajibu Bi Mwanamkuu.

Mangi akatega sikio kama hakusikia vizuri.

"Umefuta?"

"Ndiyo, nimefuta. Kila jioni nikimaliza nafuta. Tangu lini mimi nikaacha kitu kichafu nikaondoka? Kwani umenijua leo?"

Zahoro akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kila jioni, anasema. Jamani, anakiri mwenyewe, na haya hana."

Mangi hakuwahi kumpandishia sauti yule mama, hata siku moja. Ndiyo maana ilipotoka ilitoka yote. Hasira ya mtu aliyemwamini mtu ni mbaya, haichagui neno. "Kumbe mwizi ninaye humu ndani," akasema, na sauti ikapita mlangoni, ikavuka barabara, ikawafikia wauza ndala wa upande wa pili, nao wakageuza shingo. "Miaka yote hii ninafuga mwizi. Toka, mama. Toka kabla sijaita polisi."

Bi Mwanamkuu akasimama. Akakaza mtandio wake, akachukua pochi. Hakulia na hakujitetea. Alimtazama Jovitha, yeye peke yake, kama anamngojea aseme kitu. Jovitha akatazama vidole vyake. Basi mama akatoka, wale wabeba mizigo wakampisha njia, watu ambao alikuwa anagawana nao maandazi kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Alipokwisha kuondoka Mangi akajitupa kwenye kiti, akajifuta jasho. Kisha akatikisa kichwa. "Ila dada, kitu chako kina akili. Mimi nilidhani ni urembo tu. Jumamosi wenye maduka tuna kikao. Nataka uje uwaonyeshe. Waeleze kilivyomnasa mwizi, kila mmoja atakitaka."

Hapa tusidanganyane. Jovitha aliposikia hivyo, kitu fulani kifuani mwake kilifurahi. Alikuwa ametembeza lile jedwali ofisi kwa ofisi, akisifiwa na kuambiwa arudi wiki ijayo, na leo Kariakoo yote inamwita. Alifurahi kwa muda wa kumeza mate. Halafu akakiona kile kiti kitupu, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto.

Na kulikuwa na neno lililomkwama. Kichafu. Mwizi gani anayeiba kwa sababu ya uchafu?

Akavuta kiti, akaanza kuipitia ile mizigo iliyofutwa, mmoja mmoja. Ilikuwa mingi, siyo ya Zahoro tu. Kumbe walikuwepo wateja wengine ambao walikuwa hawajaja kuulizia vyao. Na katikati ya mistari hiyo akaukuta mmoja uliomfanya asogeze uso karibu na kioo. Katoni ya vyombo, jina la mwenye mzigo, Mwanamkuu. Vilikuwa vyombo vya harusi ya Salma, binti yake, ambavyo alivisubiri akavihadithia nyumba nzima, mpaka wapangaji wanazijua rangi za sahani. Kama ni mwizi, basi kajiibia mwenyewe.

Jovitha akamwita Shomari, msimamizi wa stoo, mtu ambaye jioni huhakiki mizigo pamoja na Bi Mwanamkuu.

"Kaka Shomari, hebu nieleze. Jioni mama anafanyaje?"

"Anafanyaje vipi? Kila jioni tunahakiki wateja wachache. Anaandika jina la mteja, ananisomea mizigo yake. Mimi niko huko ndani natazama. Nikisema upo, anaupiga vema."

"Vema?"

"Si ndiyo ile vema ya mwalimu. Kale kaalama. Hesabu ukiipata unapigwa vema, au nyie shule mlipigwa nini?"

"Halafu?"

"Halafu tukimaliza huyo, anafuta, tunaenda kwa mwingine."

"Anafuta nini, Kaka Shomari?"

Shomari akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa maji yanalowanishaje. "Anafuta jina la yule tuliyemaliza. Kama ubao. Utaandikaje la pili na la kwanza liko palepale?"

Jovitha akageukia kompyuta, akakitazama kitufe chake. Sikiliza sasa uone balaa lilivyoingia.

Zamani, pembeni ya kisanduku cha kutafutia, palikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa Futa. Kazi yake ilikuwa kusafisha kisanduku, jina liondoke, mizigo yote irudi. Bi Mwanamkuu alikizoea, akakipenda, maana alikuwa mtu wa usafi hata kwenye kompyuta. Wiki iliyopita Mangi akaomba nyongeza. Alitaka kitufe cha kuondoa kabisa mizigo iliyokwisha kuchukuliwa, jedwali lisijae. Jovitha akatengeneza siku hiyohiyo. Kile cha kusafisha akakigeuza kuwa kialama kidogo cha mkasi, yaani X, ndani ya kisanduku, kwa sababu aliona kinapendeza. Mahali pake akaweka cha kuondoa mizigo. Na akakiandika nini? Futa. Neno moja, fupi, linaloenea.

Kitufe hicho kilikuwa kinaondoa mistari yote iliyowekewa alama, kisha kinasafisha na kisanduku. Kwa Jovitha ile alama maana yake ilikuwa "nimeuchagua huu." Kwa Bi Mwanamkuu, na kwa kila mtu aliyekaa kwenye dawati la shule ya msingi, ile ni vema, na vema maana yake ni sawa, upo, nimeuona. Kwa hiyo yule mama alikuwa anapiga vema mizigo iliyopo, kisha anafuta ubao wake, na jedwali linaondoa kila mzigo uliothibitishwa kwamba upo. Lilimuuliza, kweli. Jovitha aliweka swali la tahadhari: Una uhakika unataka kufuta? Na mama, mtu asiyeacha uchafu nyuma yake, alijibu Ndiyo. Angejibu nini kingine? Jedwali lilikuwa refu, la wateja wa kila pembe ya mji, na mistari ikipungua katikati nani ataitambua.

Jovitha akajaribu mwenyewe, kwa mzigo wa majaribio. Akaandika jina, akapiga vema, akabonyeza. Ukatoweka. Akakaa akitazama ile nafasi iliyobaki wazi. Alijisikia mwovu, na nadhani alistahili kujisikia hivyo kidogo.

Akairudisha mistari yote. Kurudisha hakukuwa na shida, jedwali lilikuwa limeificha tu mahali pasipoonekana. Mstari wa Zahoro ulirudi na maelezo yake: stoo ya nyuma, ukuta wa kulia, chini. Shomari akaenda. Baada ya muda zikasikika katoni za masufuria zinasogezwa, kisha sauti yake, "Haya hapa," na marobota yakatoka yamepigwa vumbi, mazima, hakuna hata lililoguswa.

Zahoro akayazunguka, akayapapasa. Uso ukamshuka. "Sasa tatizo lilikuwa nini?"

Jovitha angeweza kusema mtandao. Bongo hii ukisema mtandao hakuna anayekubishia, masikini mtandao umeshabebeshwa madhambi ya watu wengi. Neno lilimfika mpaka ulimini. Lakini alikumbuka alivyotazama vidole vyake yule mama aliposimama pale akimngoja, akaona akitazama vidole mara ya pili hatakuja kuinua uso tena.

"Ni mimi," akasema. "Mama hakuondoa mzigo. Kitufe changu ndicho kibaya." Akawaonyesha Mangi na Zahoro, hatua kwa hatua, vema, Futa, Ndiyo.

Mangi alitazama mpaka mwisho. Akavua kofia, akaivaa tena. Akamshika Jovitha mkono akamvuta kando, Zahoro asisikie. "Sikia, mdogo wangu. Mzigo umepatikana, hakuna aliyekufa. Usianze kutangaza. Jumamosi wale wenzangu wakisikia kitufe chako kinakula mizigo ya watu, nani atakupa kazi? Mpigie mama, mwambie arudi akae kwenye kiti chake. Yaishe kimya kimya."

Na Jovitha, nisikufiche, akakubali. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Ndipo akachukua bodaboda kwenda Magomeni.

Habari ilikuwa imemtangulia, maana habari mbaya Kariakoo haingoji usafiri. Kibarazani akapishana na jirani yao, Chiku, anatoka kutoa pole, na pole yenyewe ilikuwa na macho ya kuchungulia. Bi Mwanamkuu alikuwa uani anafua mashuka. Jovitha aliyajua yale mashuka, alikuwa ameyaona kwenye kamba jana yake, masafi.

Akachuchumaa mbele ya beseni, akamweleza yote, kitufe na alama na neno. Hakujipunguzia. Mama aliendelea kufikicha shuka mpaka mwisho, kisha akaliachia likazama.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Ulikuwepo pale."

"Nilikuwepo."

"Nilikutazama, Jovitha. Nikasema moyoni, mwanangu huyu anaijua hii mashine, ataniuliza nimefuta nini. Neno moja tu. Ukatazama chini."

Jovitha akaanza kulia. Bi Mwanamkuu hakumnyamazisha.

"Wakwe wa Salma wanakaa mtaa wa nyuma hapo," akaendelea, sauti imetulia, na kutulia kwenyewe kulitisha. "Shangazi wa bwana harusi kapiga simu. Hakutukana. Kaniuliza tu kama niko salama, halafu kasema watakaa kikao wazungumze upya. Unajua maana ya kuzungumza upya? Binti yangu ana hina ya kupakwa, na mama yake ni mwizi."

"Mangi amesema urudi, mama. Amesema yaishe."

"Yaishe wapi?"

"Urudi kazini tu. Kimya kimya."

Bi Mwanamkuu akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa na furaha. "Kimya kimya. Aliniita mwizi kimya kimya?" Akajikausha mikono kwenye kanga. "Mimi na kitufe chako hatuna ugomvi. Kitufe hakikuniita mwizi. Ngoja niswali Alasiri, kisha utanisindikiza."

Mtaa wa Mchikichi wakati huo wa jioni usipime. Mikokoteni, wateja wa Idi, wauza ndala wanaimba bei zao, kila mtu anampita mwenzake kwa bega. Bi Mwanamkuu alikuja katikati ya barabara, amevaa baibui lake la kwendea shughuli, Jovitha nyuma yake. Hakuingia ofisini. Alisimama nje, mbele ya mlango, palepale sauti ya asubuhi ilipopita. Watu wakaanza kupunguza mwendo.

Mangi akatoka, anatabasamu kwa shida. Nyuma yake akatoka Zahoro, anayesimamia marobota yake yakipakiwa, maana gari lilikuwa limecheleweshwa na foleni, na wenye maduka wawili waliokuja kumwona Mangi kuhusu kile kikao cha Jumamosi.

"Mama, karibu ndani," akasema Mangi. "Mbona umesimama juani?"

"Hapa panatosha."

Jovitha akawaona wale wenye maduka wawili. Akajua wao ni nani. Nakwambia, kama kungekuwa na shimo angeingia. Akapanda kizingiti cha mlango ili aonekane.

"Jamani," akaita. "Mimi ndiye niliyetengeneza jedwali la mizigo la hapa. Asubuhi mlisikia Bi Mwanamkuu ameondoa mzigo wa mtu. Siyo kweli. Nilibadilisha kitufe bila kumwambia, nikakiandika neno lilelile alilolizoea. Yeye alikuwa anafuta jina, jedwali langu likaondoa mizigo. Hata mzigo wake mwenyewe, vyombo vya binti yake, uliondoka. Kosa ni langu, na asubuhi nilipaswa kumuuliza nikanyamaza."

Wale wenye maduka wakatazamana. Mmoja akamwambia Mangi taratibu kwamba lile suala la Jumamosi waliache kwanza, watamtafuta huyo binti. Jovitha alilisikia. Anajua watu wakisema watakutafuta maana yake nini. Aliteremka kizingitini machozi yakimlengalenga, na bado akajiona mwepesi kuliko asubuhi.

Bi Mwanamkuu hakusogea. Alikuwa anamtazama Mangi.

Mangi akatazama huku na huku. Akasogea karibu, akainamisha kichwa. "Mama, tusameheane," akanong'ona. "Ni hasira tu."

"Sikusikia."

"Nasema unisamehe, mama."

"Mimi sasa nimesikia. Wale je?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara, kwa wauza ndala. "Asubuhi walikusikia vizuri."

Mangi akasita. Ni mtu mzima, ana stoo, ana wafanyakazi wake wanamtazama, na kwao Machame anaitwa kwenye vikao vya ukoo. Akasimama pale. Na sijui ni nini alichokiona kwenye uso wa yule mama, labda kale kafremu ka vitasa, labda aibu tu, lakini alivua kofia, akaishika mkononi, akageukia barabara, akapaza sauti kama anayeita mtu aliye mbali.

"Huyu mama si mwizi. Mnanisikia? Bi Mwanamkuu si mwizi, hajawahi kuniibia hata msumari. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nimemvunjia heshima, na namwomba radhi mbele yenu wote."

Mkokoteni ukasimama. Shomari akaitikia kutoka ndani, "Tumesikia, Mangi," na mmoja wa ng'ambo naye akasema wamesikia, na watu wakaanza kumwambia pole mama, pole mama, hao waliokosa neno asubuhi.

Bi Mwanamkuu, mtu aliyetukanwa asilie, safari hii hakujizuia. Akakaa juu ya robota moja la mapazia ambalo lilikuwa halijapakiwa, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, mabega yanapanda na kushuka. Zahoro alikuwa akilisubiri robota lile. Alitaka kusema kitu, akashindwa, akamwambia mpakiaji aliache lilivyo, gari lingoje.

Jovitha alisimama kando. Hakuthubutu kumgusa. Alifikiri arudi nyumbani mapema akakusanye vitu vyake, maana ni nani atakayemvumilia mpangaji wa namna hii, akapiga hatua moja ya kuondoka. Mama, uso ungali umefunikwa, akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa Jovitha, akaukamata kwa nguvu hadi vidole vikamuuma.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza kutoka ndani ya mtandio. "Kaa hapa. Bado sijamaliza kukugombeza."